Mtalii mmoja, maneno kumi: kamusi ya bure ya Oxford kwenye mizani

Kwa Kiswahili mambo ni mepesi. Aliyekuja siku nane kupanda Kilimanjaro ni mtalii. Aliyeshuka melini Zanzibar saa tatu asubuhi, akazunguka Mji Mkongwe na kurudi kulala melini, naye ni mtalii. Kijana mwenye begi kubwa mgongoni anayelala chumba cha vitanda vinane, mstaafu wa Ulaya anayekaa Diani miezi miwili kukwepa baridi ya kwao, familia ya Mwanza iliyokwenda Serengeti mwishoni mwa wiki: wote watalii, na tukitaka kuwapa heshima yao tunawaita wageni.

Kiingereza kinawagawa watu hao. Kuna "tourist", "visitor", "traveller", "holidaymaker", "vacationer", "day tripper", "sightseer", "backpacker", "guest" na "client", na hapo hatujagusa yale ya vitabuni. Ukichukua lolote lililo karibu, sentensi itaeleweka. Ila atakayeisoma atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na kwenye tangazo la hoteli au ujumbe wa kumkaribisha mtu aliyekwisha kulipa, hisia hiyo ina gharama.

Kwa hiyo tumeipima tovuti ya Oxford Learner's Dictionaries kwa kazi hii moja tu: inamsaidiaje mwongoza watalii, mtu wa mapokezi, mwandishi wa matangazo au mfasiri kupata neno la Kiingereza linalomfaa mtu anayesafiri kwa starehe? Kati ya vya bure, hatujaona kinachoishinda, mradi usome lebo ndogondogo ambazo wengi huziruka, na mradi ujue mambo mawili ambayo haikwambii.

Ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, Kiswahili hakimo. Inafunguka kwenye kivinjari cha simu bila kujisajili, na matangazo utayavumilia. Mzizi wake ni kamusi ambayo A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, aliitoa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaichapisha mwaka 1948. Tangu mwanzo iliandikwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, na hilo linaonekana hadi leo. Kamusi ya wenye lugha hudhani unajua tayari kwamba neno fulani ni la Waingereza au lina dharau ndani yake. Hii inakuandikia kabisa.

Anza na "tourist" lenyewe. Maana ya kwanza ndiyo uijuayo: anayesafiri au kutembelea mahali kwa kujifurahisha. Maana ya pili wengi hawashuki hadi kuifikia, nayo ina lebo ya Kiingereza cha Uingereza: mchezaji wa timu iliyo ziarani katika nchi nyingine. Ndiyo maana kwenye habari za kriketi "the tourists" wanaweza kupoteza wiketi tano kabla ya chakula cha mchana. Mfasiri asiyeifikia maana hiyo atawapa wasomaji wake watalii wanaocheza kriketi.

Chini ya maana kuna visanduku vya kufungua kwa kugusa, na kimojawapo ni cha maneno yanayoandamana na neno hilo. Usikiruke. Humo utaona jinsi "tourist" linavyopenda kutangulia jina jingine: "tourist attraction", "tourist season", "tourist information". Hapo limekaa kwao. Limekaa kwao pia katika sentensi inayowazungumzia watu kwa jumla, kama idadi yao au mchango wao katika uchumi. Halijakaa kwao pale unapomwita mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Tovuti haitamki kwamba neno lina doa, lakini angalia majirani zake: "touristy" limewekewa lebo ya kutoridhia, na "tourist trap", yaani mahali pa kuwakamua wageni, vilevile. Neno lenye watoto wa sifa mbaya namna hii, ukilitumia kwenye salamu linakuja na harufu ya familia.

Lebo zinafanya kazi nzuri zaidi kwenye "holidaymaker". Ukifungua ukurasa wake utaona mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni la Uingereza, na kwamba Marekani mwenzake ni "vacationer". Tofauti hii ni ya msingi kuliko nyingine zote, kwa sababu haihusu adabu bali sikio. Mwingereza, Mwaustralia na mtu wa Afrika Kusini wanakwenda "on holiday". Mmarekani anakwenda "on vacation", na kwake "holiday" kwanza ni sikukuu, kama Krismasi. Hoteli inayopokea zaidi Waingereza iandike "holidaymakers", inayouza safari kwa Wamarekani iandike "vacationers", na isiyojua nani atasoma ikimbilie "visitors" au "guests", ambayo hayana uraia.

Makosa yetu ya kawaida hapa ni matatu. La kwanza ni kuandika "holiday maker" kwa maneno mawili. Kamusi inaliandika moja. La pili ni "in holidays", ambalo hutokea sana kwa wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, Burundi na Kongo. La tatu linatokana na neno "likizo" kubeba mizigo miwili: ruhusa ya mwajiri na mapumziko yenyewe. "On leave" ni ruhusa tu. Ukimuuliza mgeni "Are you on leave?" umemuuliza habari za ofisini kwake, wakati ulitaka kujua kama amekuja kupumzika.

"Traveller" nalo lina maana mbili, na ya pili ndiyo yenye miiba. Ya kwanza ni mtu aliye safarini au mwenye mazoea ya kusafiri. Wauzaji wanalipenda kwa kuwa wasafiri wenyewe wanalipenda: wengi hawataki kuitwa "tourist", wanaona hilo ni la watu wa basi na bendera. Ajabu ni kwamba "travel" lina undugu na neno la Kifaransa cha kale lililohusu taabu, ilhali "kutalii" kwetu kumetoka kwenye Kiarabu cha kusoma na kupitia jambo kwa makini. Yaani mtu wao anataabika na wetu anasoma.

Maana ya pili, yenye lebo ya Uingereza, ni mtu wa jamii isiyokaa mahali pamoja. Kwa herufi kubwa, "Travellers" nchini Ireland ni jamii kamili yenye historia na utamaduni wake, ambayo serikali ya nchi hiyo iliitambua rasmi kuwa kabila mwezi Machi 2017. Kampuni ya Arusha inayopeleka bango kwenye maonyesho ya utalii Dublin na kuandika "Travellers welcome" itasomeka kitu kingine kabisa, hasa neno likiwa mwanzo wa sentensi, mahali ambapo herufi kubwa haikwepeki. Ongeza neno la mbele na tatizo linaisha: "independent travellers", "leisure travellers". Hili la mwisho ndilo la mashirika ya ndege na hoteli wanapomtenganisha anayekwenda kustarehe na anayekwenda kazini, "business traveller". Ukiandika pendekezo la biashara au barua kwa benki, hilo ndilo neno.

Tahajia pia: L mbili Uingereza, L moja Marekani. Tovuti inaweka zote mbili juu ya ukurasa. Chagua moja na uishike waraka mzima.

"Tripper" ni mfano wa neno ambalo maana yake pekee haitoshi. Kamusi inasema ni mtu aliyetembelea mahali kwa muda mfupi kwa kujifurahisha, inaweka lebo ya Uingereza na kutoa mfano wa "day tripper". Ukiishia hapo utadhani umepata jina zuri la wageni wanaokuja Bagamoyo asubuhi na kurudi Dar es Salaam jioni. Waingereza wengi wakilisikia huona kundi la watu wenye makelele na mifuko ya chipsi ufukweni, na Mmarekani ataanza kuwaza dawa za kulevya. Andika "day visitors", au zungumzia safari badala ya mtu: "day trips to Bagamoyo". "Day trip" ni safi. Ni yule "tripper" tu mwenye matatizo.

"Sightseer" ni anayezunguka kuangalia majengo na mandhari. Litumie kwa shughuli, si kwa mteja. "Backpacker" ni wa begi mgongoni na bajeti ndogo, na wenyewe hawalikatai, kwa hiyo hosteli ilitumie bila wasiwasi. Lodji ya bei ya juu isilitumie.

Kwenye "visitor" tazama kihusishi, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapotuvuta. Sisi tuna "wa" moja ya kila kazi: mgeni wa Zanzibar, mgeni wa Ujerumani. Kiingereza kinataka "visitor to Zanzibar" na "visitor from Germany". "Visitor of Zanzibar" ni kosa linaloonekana kwenye vipeperushi vingi mno, na kamusi hii inalizuia kwa kuandika kihusishi pembeni ya maana. "Guest" ni mwenye chumba au mwaliko: anayelala hotelini, anayeketi mezani kwako. Ndilo neno lililo karibu zaidi na "mgeni" kwa heshima yake. Lakini "mgeni" wetu kwa Kiingereza anaweza pia kuwa "stranger", "foreigner" au hata "alien" wa karatasi za serikali, na hapo ndipo kibao cha bei kinapoharibika. "Price for foreigners" kinagonga vibaya. Kwenye milango ya hifadhi zetu utakuta "citizen", "resident" na "non-resident", na mtu anayelipa zaidi akiitwa "non-resident" anaona kanuni, akiitwa "foreigner" anaona kidole.

Sasa yale mawili ambayo tovuti haikwambii.

La kwanza ni nani anaambiwa. Kamusi inaeleza neno lina maana gani. Haielezi kama linafaa kusemwa usoni. Katika kazi ya utalii mtu yuleyule hubadilika jina mara nne kwa siku. Uwanja wa ndege na mapokezi ni "guest". Kwenye faili la ofisi ya safari ni "client". Kwenye vocha na oda ya magari ni "pax", yaani abiria, ambalo halibadiliki kwa wingi: "1 pax", "6 pax", kamwe si "paxes". Kwenye ripoti ya mwezi ni "visitor" au "tourist". Kosa baya ni kuvujisha jina la faili mdomoni: dereva anayesema "my pax are hungry" mbele ya wenyewe, au meneja anayeandika "our tourists enjoyed" kwenye ukurasa wa kampuni. "Our tourists" linasikika kama mifugo. "Our guests" ndilo.

La pili ni maana za takwimu. Shirika la utalii la Umoja wa Mataifa, lenye makao Madrid, lina ngazi zake, na wizara na wafadhili huzifuata. "Traveller" ni yeyote anayehama kutoka mahali hadi mahali, kwa sababu yoyote na muda wowote. "Visitor" ni msafiri aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa chini ya mwaka mmoja, bila kwenda kuajiriwa na taasisi ya huko. "Visitor" akilala angalau usiku mmoja anakuwa "tourist". Asipolala ni "same-day visitor", au "excursionist". Angalia matokeo yake: mfanyabiashara wa Lagos aliyelala Nairobi siku mbili kwa mkutano ni "tourist" kwa takwimu, wakati yule wa meli aliyezunguka Mji Mkongwe siku nzima akipiga picha si "tourist". Kinyume kabisa na lugha ya mtaani. Tena "tourist arrivals" huhesabu mara za kuingia, si vichwa. Mtu mmoja akiingia mara mbili ni "arrivals" mbili. Anayefasiri ripoti asiandike "watalii" pale penye "visitors", na asiandike "watu" pale penye "arrivals".

Vyombo vingine tuvipime kwa ufupi. Google Translate ina Kiswahili tangu 2009, na kwa kuelewa ujumbe wa mgeni inatosha. Kwa kuchagua neno haifai kuachwa peke yake, kwa sababu unaipa "mtalii" bila kuiambia kama atalala, anatoka wapi na unaongea naye au juu yake. Mashine haiwezi kukisia usichoandika. Iangalie zaidi kwenye "safari": kwetu hata kwenda Mbeya kwenye msiba ni safari, ila Kiingereza kililichukua neno hilo kwa ajili ya kuangalia au kuwinda wanyama, na "I am on safari to Mbeya" kutamfanya msomaji atafute tembo.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyogeuka TATAKI mwaka 2009, ni nzuri kwa kuhakikisha maana unaposoma. Inaenda upande mmoja tu, na ikikwambia maneno mawili ya Kiingereza yote ni "mtalii" haijakosea. Ndivyo Kiswahili kilivyo. Ila hapo bado hujachagua.

Kamusi za visawe za mtandaoni ndizo hatari kubwa. Zinakupangia maneno ishirini kama dagaa kwenye fungu, bila lebo. Humo yumo "vacationist", neno la kizamani la Marekani lililozidiwa na "vacationer". Yumo "wayfarer", mtembea kwa miguu wa mashairini, na "voyager", wa bahari kuu au anga za juu. Yumo "rubberneck", ambalo ni kejeli kwa mtu anayenyoosha shingo kushangaa. Wala usikisie kutokana na umbo: "journeyman" hana safari yoyote, ni fundi aliyemaliza uanafunzi, kutoka neno la Kifaransa la kazi ya siku moja. Kanuni yetu: neno lolote ulilolipata kwenye kamusi ya visawe lisitoke nje kabla hujalifungua kwenye tovuti ya Oxford na kusoma lebo yake. Lisipokuwamo humo kabisa, liache.

Cha kuongezea ni Google Ngram Viewer, inayoonyesha neno limetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka. Andika holidaymakers,vacationers kwa kutenganisha na koma, chagua mkusanyo wa Kiingereza cha Uingereza, tazama mistari, kisha badili uweke wa Marekani. Utaona wanavyopishana. Inatofautisha herufi kubwa na ndogo usipoizuia, kwa hiyo andika kwa herufi ndogo. Na tumia wingi. Umoja wa "tourist" umejaa yale ya "tourist information" na "tourist season", unahesabu vibao badala ya watu. "Tourists" kwa kawaida ni watu. Hata hivyo ni vitabu, si mazungumzo, na haiwezi kukuonyesha dharau.

Namna tunavyoitumia tovuti yenyewe ni hivi. Kabla ya kufungua chochote, andika kwa Kiswahili sentensi kamili unayotaka, kisha jiulize: namwambia yeye au namzungumzia, analala au halali, msomaji ni wa Uingereza au Marekani. Ukishajibu utabaki na maneno mawili au matatu. Fungua ukurasa wa kila moja, soma lebo kabla ya maana, shuka hadi maana ya mwisho, fungua kisanduku cha maneno yanayoandamana, kama kipo, na utafute kitenzi chako humo. Usipokiona, badili kitenzi, usilibadili neno. Bonyeza kipaza sauti cha buluu usikie matamshi ya Uingereza, chekundu ya Marekani. Mwongozaji atakayelitamka mbele ya watu kumi hawezi kutegemea maandishi.

Tunaipa nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa sababu maana zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho anayeanza hatakimudu bila msaada, na kwa sababu visanduku vyenye faida kubwa vimefungwa, unaweza kupita mwaka mzima usijue vipo. Matangazo yanakula bando, ila si ya kukatiwa alama.

Jambo la mwisho liko kwenye simu yako, si kwenye tovuti. Kama kibodi imewekwa Kiingereza cha Marekani, inaweza kuipigia mstari mwekundu "traveller" yenye L mbili, nawe ukaisahihisha ukidhani umekosea. Ingia kwenye mipangilio ya lugha za kibodi, ongeza Kiingereza cha Uingereza, na uhamie huko unapowaandikia watu wa London.